Je, Nguo Mpya za Kukimbia Huongeza Ujasiri, au ni Kujidanganya?

Swali: "Kocha, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, mama wa watoto watatu, na nina umri wa miaka 38. Nilianza kukimbia mapema mwaka huu, alfajiri kabla ya kwenda kazini, kutoka Migosi hadi Mamboleo na kurudi. Ninavaa fulana ya kampeni ya mume wangu na suruali kuukuu ya traksuti. Mwezi ujao nimejiandikisha katika mbio za kilomita 10, na zitakuwa zangu za kwanza. Nimeweka kando shilingi 4,000 za kununua nguo mpya za kukimbia, lakini mwenzangu katika chumba cha walimu ameniambia kwamba nguo hazikimbii, anayekimbia ni mtu, na kwamba nataka kujionyesha tu. Je, nguo mpya zinaweza kweli kunipa ujasiri, au nitakuwa ninajidanganya? Na nikizinunua, nizihifadhi hadi siku ya mbio?"

Jibu:

Mwalimu, nunua nguo hizo, na uzinunue wiki hii badala ya kungoja mbio zikaribie. Mwenzako amesema kweli kwamba anayekimbia ni mtu, ila mtu huyo hukimbia akiwa na akili yake, na akili ya mkimbiaji anayeanza hubeba mambo mengi ambayo nguo inaweza kuyapunguza au kuyaongeza. Kwa muda mrefu nimewafundisha wakimbiaji wa kawaida jijini Nakuru, wakiwemo wauguzi, wenye maduka, watu wa ofisini na akina mama waliorudi barabarani baada ya kujifungua, na wengi wa wale walioacha hawakuacha kwa sababu miguu iliwashinda. Waliacha kwa sababu kila asubuhi walijihisi wanatazamwa, wakajiona kama wageni katika barabara ya mtaa wao wenyewe. Kwa hiyo swali lako si la urembo, na nitalijibu kwa kirefu.

Nianze na umakini, maana hapo ndipo nguo inapofanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote. Ukiwa unavuta fulana chini kila baada ya hatua chache, ukihofia kwamba suruali inateremka, ukikunja mikono kifuani kila bodaboda inapopita, sehemu ya akili yako imekwenda kwenye nguo na kwenye macho ya watu, na kinachobaki kwa ajili ya kusikiliza pumzi, kupima kasi na kuangalia barabara ni kidogo. Mwaka 1998 kundi la watafiti wa Marekani lililoongozwa na Barbara Fredrickson liliwapa wanafunzi wa chuo kikuu nguo za kujaribu, wengine vazi la kuogelea na wengine sweta, kisha likawapa mtihani wa hesabu wakiwa wamevaa hivyo, kila mmoja peke yake chumbani. Wanawake waliovaa vazi la kuogelea walipata alama za chini kuliko waliovaa sweta, ingawa hapakuwa na mtu wa kuwatazama. Walijitazama wenyewe, na kule kujitazama kukala nguvu ya akili ambayo hesabu ilihitaji. Mimi nauchukua utafiti huo kama onyo la pande zote mbili: nguo inayokufanya ujifikirie sana, iwe kuukuu au mpya, inakupunguzia uwezo, na nguo unayoisahau baada ya mita mia moja inakurudishia uwezo uliokuwa wako tangu mwanzo.

Upo pia utafiti unaotajwa mno na wauzaji wa mavazi ya michezo, na ni vizuri uujue usije ukauziwa kwa bei kubwa kuliko thamani yake. Mwaka 2012 Hajo Adam na Adam Galinsky walionyesha kwamba watu waliovaa koti jeupe walilosikia kuwa ni la daktari walikuwa makini zaidi katika majaribio kuliko waliovaa koti lile lile wakiambiwa ni la mchoraji. Mwaka 2019 watafiti wengine walirudia jaribio la kwanza katika mfululizo huo na hawakupata matokeo yale. Sisemi kwamba wazo lenyewe limekufa, kwa maana kila mwalimu ameona jinsi mtoto anavyobadilika siku anapovaa sare mpya ya shule. Ninachosema ni kwamba nguvu hiyo ni ndogo, hutegemea maana ambayo nguo inayo kwako wewe, na haipaswi kukufanya utumie hata shilingi moja zaidi kwa sababu ya jina lililochapishwa kifuani.

Ujasiri wenyewe unatoka wapi, basi? Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake wa kufanya jambo fulani hujengwa kwanza na kwa nguvu zaidi na kufaulu kwake mwenyewe katika jambo hilo. Baada ya hapo huja kuwaona watu wanaofanana naye wakifaulu, kutiwa moyo na wengine, na jinsi mtu anavyoisoma hali ya mwili wake wakati ule: moyo unaodunda anaweza kuusoma kuwa hofu au kuwa utayari. Hutaona nguo mahali popote katika maelezo hayo, na bado nguo hugusa karibu yote. Mwili ukiwa haukwaruzwi wala haubanwi, hali yake inasomeka vizuri. Ukikutana na mkimbiaji mwingine kwenye barabara ya Kakamega saa kumi na mbili asubuhi na akakupungia mkono kwa sababu umevaa kama mkimbiaji, umetiwa moyo na mtu usiyemjua, na salamu hiyo ndogo huwasaidia wanaoanza kuliko wanavyokiri. Lakini ule msingi wa kwanza, wa kufaulu mwenyewe, hakuna duka linalouuza. Huo umekuwa ukiujenga tangu ulipoanza, ukiwa ndani ya fulana ya kampeni, na sitaki usahau kwamba fulana hiyo imekufikisha Mamboleo na kukurudisha mara nyingi.

Hapa ndipo ninapomjibu mwenzako. Methali ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, inamhusu mtu anayenunua vazi zima ili aonekane mkimbiaji na asikimbie. Haikuhusu wewe uliyeanza na kazi na sasa unatafuta vazi la kuifaa kazi hiyo. Mpangilio huo ndio ulio salama. Ninaowaona wakianza na manunuzi hupata furaha ya siku kadhaa, kisha mvua za asubuhi zikija nguo hubaki kabatini na kugeuka kuwa lawama kila kabati linapofunguliwa.

Mfano ulio wazi tunao hapa kwetu katika kaunti ya Nakuru. Faith Kipyegon, aliyezaliwa upande wa Keringet, alikimbia jijini Paris tarehe 26 Juni 2025 akijaribu kuwa mwanamke wa kwanza kumaliza maili moja chini ya dakika nne. Alivalishwa vazi lililobuniwa kwa ajili yake, lenye vinundu vidogo vya kupunguza ukinzani wa upepo, na hata sidiria yake ilitengenezwa kwa ajili ya siku hiyo. Alimaliza kwa takriban dakika nne na sekunde sita. Dakika nne hazikuvunjwa, na muda huo haukuweza kuhesabiwa kuwa rekodi rasmi kwa sababu ya jinsi jaribio lilivyopangwa, ingawa ulikuwa bora kuliko rekodi yake ya 4:07.64 ya mwaka 2023. Tarehe 5 Julai, siku tisa tu baadaye, aliingia katika mbio za kawaida za mita 1,500 mjini Eugene, Marekani, akavunja rekodi yake ya dunia kwa 3:48.68. Hakuna anayeweza kupima ni kiasi gani cha ujasiri wa Eugene kilitoka Paris. Mimi naona kwamba mwanamke aliyekuwa amethubutu hadharani jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani alifika Eugene akiwa hana cha kuogopa. Vazi lilikuwa sehemu ya maandalizi ya kuthubutu, na kazi nyingine yote ilikuwa yake.

Sasa tuje kwa mwili wako, kwa maana ujasiri mwingi wa mwanamke anayekimbia huanza kifuani, na ni jambo ambalo makocha wengi wanaume huliruka kwa haya. Matiti yana tegemeo dogo la ndani, na tunapokimbia huenda juu na chini, upande hadi upande, na mbele na nyuma, yote kwa wakati mmoja. Katika utafiti uliofanywa miongoni mwa wanawake walioshiriki Marathoni ya London mwaka 2012, karibu theluthi moja ya waliojibu walisema kwamba huumwa matiti. Maumivu hayo, na ile aibu ya kuhisi kifua kinaruka mbele ya watu, humfanya mwanamke akunje mabega na kufupisha hatua bila kujua. Sidiria ya kawaida ya kwenda kazini haikutengenezwa kwa kazi hii, na mbili zilizovaliwa pamoja, kama wengi wetu tunavyofanya, hubana bila kushikilia vizuri. Tafuta sidiria ya michezo ambayo mkanda wake wa chini ya matiti ni mpana na imara, kwa sababu mkanda huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito, wala si kamba za mabegani. Ukiivaa, vidole viwili vipite chini ya mkanda kwa shida kidogo. Ruka-ruka papo hapo dukani, inua mikono juu, vuta pumzi ndefu. Ikipanda juu mgongoni ni kubwa kwako, na ikikuzuia kupumua ni ndogo. Hii ndiyo nguo moja ambayo nakushauri uinunue mpya kabisa, kwa kuwa mpira wa sidiria iliyotumika umekwisha kulegea na huwezi kuona hivyo kwa macho.

Jambo la pili ni joto, na hapa nakusihi usiige picha. Wengi wa Kisumu huona picha za wanariadha wa Iten na Kaptagat wakiwa wamevaa jaketi, suruali ndefu za kubana na hata glovu, wakadhani hayo ndiyo mavazi ya mkimbiaji wa kweli. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake ni za baridi kali. Hata hapa Nakuru, takriban mita 1,850, tunatoka alfajiri na mikono mirefu na kuivua tukishapata joto. Kisumu iko chini, takriban mita 1,130, kando ya ziwa, na hewa yake ina unyevu mwingi. Jasho hupoza mwili linapokauka, na katika hewa yenye unyevu hukauka polepole, kwa hiyo kila kitambaa cha ziada ni mzigo. Fulana ya pamba hufyonza jasho, ikawa nzito, ikashikamana na mgongo na kuonyesha zaidi ya ulivyotaka ionyeshe, na hilo tu latosha kumvunja mtu moyo katikati ya barabara. Vesti au fulana nyepesi ya poliesta haifyonzi jasho kiasi hicho na hukauka haraka. Wapo wanaovaa jaketi nzito makusudi ili watoe jasho jingi wapungue uzito. Kinachopungua ni maji, hurudi mara unapokunywa, na katikati huwa umejiweka katika hatari ya kuzidiwa na joto.

Kwa upande wa chini, uhuru ni wako. Taitsi fupi au baika inayofika karibu na goti huzuia mapaja yasisuguane, na mapaja yaliyochubuka yamewaharibia wakimbiaji wa kilomita 10 siku nyingi nzuri. Ikiwa hupendi kupita mbele ya wazazi wa wanafunzi wako ukiwa umevaa nguo ya kubana, vaa kaptula pana au sketi nyepesi ya michezo juu yake. Usikubali mtu akuambie kwamba mkimbiaji halisi lazima avae kwa namna fulani. Kipimo changu ni kimoja: vazi ambalo ukiwa umelivaa ungeweza kukutana na mwalimu mkuu, mchungaji wako na kundi la vijana wa bodaboda, wote katika asubuhi moja, bila kugusa pindo lake. Kama imani yako inakutaka ufunike nywele, kitambaa chepesi kisichofyonza jasho kitafaa sawasawa. Na kwa kuwa unatoka kabla jua halijachomoza katika barabara ya matatu na malori, chagua rangi inayong'aa upande wa juu, au ushonee mkanda unaoakisi taa. Dereva akikuona mapema, na wewe ukajua kwamba amekuona, hofu moja kubwa imeondoka.

Kuhusu pesa, 4,000 zinatosha ukizipanga. Tumia sehemu kubwa kwa sidiria, inayofuata kwa taitsi, kisha nenda Kibuye siku ya Jumapili utafute vesti katika mitumba. Upya ninaouzungumzia ni upya kwako. Vesti ya kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, iliyochaguliwa vizuri, inayokaa sawa mabegani, itakupa ujasiri ule ule wa ile iliyotoka kwenye mfuko wa plastiki. Igeuze ndani nje, soma lebo, pitisha kidole kwenye mishono ya kwapani na shingoni, kwa sababu mshono mgumu unaokwaruza kidole chako sokoni utakukata ngozi kwenye kilomita ya saba. Viatu sijavigusa kwa kuwa hukuviuliza, ila kama raba zako zinakuumiza vidole au soli imeisha upande mmoja, anza na hizo, vesti ingoje.

Umeuliza pia kama uzihifadhi hadi siku ya mbio. Hapana, na katika jambo hili sina mjadala. Najua tumelelewa na nguo za Krismasi, zikifungwa sandukuni hadi asubuhi ya sikukuu, na kwamba kuvaa kitu kizuri siku ya kawaida huonekana kama kukipoteza. Lakini nguo isiyowahi kukimbia itakupa wasiwasi asubuhi ile ile unayohitaji utulivu, kwa maana hujui itakukwaruza wapi. Na ipo sababu nyingine iliyo muhimu zaidi kwangu. Nguo hupata maana kutokana na mambo uliyoyafanya ukiwa umeivaa. Ivae kwanza siku nyepesi, kilomita tatu au nne, ili mwili uizoee. Ifue, kisha uivae katika safari yako ndefu ya wikendi ukiwa umepaka Vaselini kwapani, chini ya mkanda wa sidiria na katikati ya mapaja. Kisha uivae siku ngumu: panda nayo mwinuko wa Riat kutoka Mamboleo, polepole, hadi pale miguu inapokataa, utembee kidogo, uanze tena. Siku ya mbio utakapoivaa, utakuwa unavaa nguo iliyokwisha kupanda Riat, na kumbukumbu hiyo ndiyo ujasiri aliouzungumzia Bandura.

Kuna wakati nguo mpya zitakukosesha nguvu badala ya kukupa, nawe ujiandae kwa hilo. Asubuhi ya kwanza huenda ukajihisi umevaa kuliko kasi yako, hasa ukipitwa na kijana aliyevaa kaptula ya shule na ndala. Hisia hiyo ni ya kawaida na hupungua kadiri nguo inavyozoeleka. Mpango wako wa siku hiyo usiubadilishe kwa sababu yake. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuongeza kasi ili astahili vazi lake, akachoka kilomita mbili kabla ya nyumbani, kisha akalilaumu vazi. Toka kwa kasi ile ile uliyoizoea ukiwa na fulana ya kampeni. Na usiku wa kuamkia siku ngumu, ziweke nguo zote kitini kwa mpangilio, sidiria juu, soksi ndani ya viatu, ili saa kumi na moja usingoje kuamua lolote. Nimeona jambo hili dogo likiwasaidia akina mama wenye watoto kuliko mpango wowote wa mazoezi niliowaandikia.

Zitunze ili zidumu: zifue upesi baada ya kukimbia kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, usitie dawa ya kulainisha nguo kwa sababu huziba nyuzi zinazopitisha jasho, na uzianike kivulini, maana jua kali humaliza mpira wa sidiria na wa taitsi.

Ukipewa namba ya mbio, ibandike kwenye vesti jioni, ukiwa umeivua na kuilaza juu ya meza, kwa pini nne, moja kila pembe, kisha uivae na uinue mikono juu kuhakikisha kwamba haivuti kitambaa. Ukiibandika asubuhi ukiwa umeivaa, utajichoma kwa haraka, na kitambaa chepesi cha vesti kitachanika kabla hujafika kwenye mstari wa kuanzia.